Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Barabara: kumbukumbu unazozitafuta tumezibeba mwilini

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Barabara na Usalama wa Usafiri.

YAH: MAKOVU YA WAENDESHA BAISKELI NA MAHALI YALIKOPATIKANA

Mheshimiwa Mkurugenzi, salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya nne kwako. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba ofisi "haina kumbukumbu ya ajali ya baiskeli katika eneo tajwa". Ya tatu niliileta kwa mkono, nikaelekezwa masijala, masijala wakaigonga muhuri wa kupokelewa, na muhuri huo ndio jibu pekee nililonalo hadi leo. Siandiki hadharani kwa kupenda makuu. Nimeishiwa milango ya kubisha.

Sentensi ile ya barua ya pili imenikaa kichwani. Haina kumbukumbu. Nilipoisoma, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umefungwa hogo, na ajali iliyonivunja ilitokea katika eneo hilo hilo tajwa wiki tano kabla. Nikajiuliza: kama mimi si kumbukumbu, basi ni nini?

Wiki iliyofuata, wenzangu walipomaliza mzunguko wa asubuhi na baiskeli zimeegemezwa ukutani, niliwafuata kwa miguu nikiwa na ombi la ajabu kidogo. Niliwaomba wakunje mikono ya mashati na miguu ya suruali. Kila mmoja aonyeshe kovu lake na aseme lilipatikana wapi: barabara gani, upande gani, karibu na nini. Nilikuwa na daftari. Nilidhani tungemaliza kwa dakika kumi, tukakaa mpaka kivuli cha ukuta kikatukimbia.

Waendesha baiskeli hupenda kusimulia makovu yao kama wavuvi wanavyomsimulia samaki aliyeponyoka, na kovu nalo hukua kila linaposimuliwa. Lakini safari hii niliuliza mahali, sikuuliza ushujaa, na kicheko kikapungua chenyewe. Watu watatu, ambao wawili kati yao hawakuwahi kuzungumza kabla ya siku ile, walitaja mdomo mmoja wa mtaro. Mimi nikawa wa nne.

Kabla sijafika kwenye orodha, niseme nilichokiacha nje. Makovu ya kujitakia nimeyatoa yote. Nimetoa la kwangu la shavu la mguu wa kulia, vidoti vitano vilivyojipanga kama mshono, ambavyo ni meno ya giri ya mbele yaliyonichoma siku mguu ulipoteleza kwenye pedali nikiwa nimesimama tu. Kila aliyeendesha baiskeli kwa muda mrefu anayo alama hiyo, au inamsubiri. Nimetoa la kijana aliyeachia usukani mikono yote miwili ili watu wamwone. Nimetoa la bwana mmoja aliyebana breki ya mbele peke yake kwenye mteremko, akajua siku hiyo hiyo breki ya nyuma iliwekwa kwa kazi gani. Kuteleza kwa mtu mwenyewe kupo, wala hakuchagui. Mwaka 2019 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda mbio za Tour de France mara nne, alikuwa akikagua njia ya mashindano huko Ufaransa; akaondoa mkono mmoja kwenye usukani apenge kamasi, upepo ukampiga, akajibamiza ukutani kwa mwendo wa kilomita 54 kwa saa. Akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Hapo humlaumu mhandisi.

Yaliyobaki, Mheshimiwa, yana anwani.

1. Wavu wa mtaro kwenye mteremko kabla ya daraja.

Wavu huu wa chuma umewekwa pau zake zikielekea njia moja na magurudumu. Nimeupima. Tairi langu lina upana wa milimita 28. Mwanya kati ya pau na pau ni milimita 41. Gari hupita juu yake bila dereva kujua kama upo. Baiskeli huingia. Gurudumu la mbele likishazama hadi kwenye rimu, baiskeli inasimama papo hapo, ila mtu aliye juu yake hasimami. Anaendelea kwa mwendo ule ule aliokuwa nao, anapita juu ya usukani, na kinachotangulia kufika chini ni viganja au kidevu.

Kwangu vilitangulia vyote. Kovu la kidevu lina urefu wa nusu kidole, limelala chini ya taya mahali ambapo wembe hulikwaruza kila ninaponyoa. Nyuzi saba. La mkono halionekani kwa kuwa liko ndani: mfupa mdogo wa kifundo, upande wa kidole gumba. Mfupa huo hupata damu yake kwa kuzunguka, ukitokea upande wa mbali, kwa hiyo ukikatika katikati kipande kimoja kinaweza kubaki bila damu ya kutosha. Ndiyo maana hupona kwa kujivuta. Tena una tabia ya kujificha. Picha ya kwanza ya eksirei mara nyingi haionyeshi ufa. Mimi niliambiwa nimeteguka, nikarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Siku ya kumi na mbili, picha ya pili, ufa ukajitokeza wazi kama unywele. Hadi leo nikifungua kifuniko cha chupa kilichokazwa natumia mkono wa kulia.

Mwenzangu wa kwanza pale ni mwalimu wa shule ya msingi aliyepoteza meno mawili ya mbele. Anasema kilichomuuma zaidi ni wanafunzi wa darasa la kwanza, ambao nao walikuwa na mapengo, kumuuliza kama yake yataota. Mwingine alivunja mtulinga, mfupa ule unaotoka kifuani hadi begani. Huo ndio mfupa wetu sisi watu wa baiskeli: ukianguka na bega, au ukinyoosha mkono kujizuia, nguvu yote hupanda hadi kwake, naye ndiye mwembamba. Akivua shati unaona kinundu pale vipande viwili vilipoungana vikiwa vimepishana. Yule wa mwisho alirukia pembeni, akapata mchubuko tu na rimu iliyokunjika, na anajiita mwenye bahati.

Watu wanne, wavu mmoja. Wala hauhitaji kununuliwa mwingine. Unahitaji kugeuzwa robo mzunguko ili pau zikatishe njia badala ya kuifuata. Kama fremu haikubali, fundi wa kuchomelea anaweza kupitisha vipande vya chuma bapa juu yake, na kazi hiyo haifiki mchana.

2. Viraka vya kokoto.

Kila bomba linapochimbwa, shimo hufukiwa kwa kokoto na kuachwa "kwa muda". Pale kwenye kona inayofuata baada ya daraja, muda huo umefikisha mwaka na nusu. Kokoto zilizolegea kwenye kona ni sawa na kukanyaga gololi. Gurudumu linakimbilia nje, mwili unalala upande, na unasugua lami kwa kiwiko, nyonga na goti kabla hujapata hata nafasi ya kupiga kelele.

Dada mmoja katika kundi letu, anayefanya kazi zamu za usiku, alianguka kwenye kiraka cha namna hiyo akirudi nyumbani alfajiri. Alijiosha kwa maji, akapaka dawa, akafunga kitambaa, akalala. Hakusugua. Nani atamlaumu? Kusugua kidonda kibichi kwa brashi ni kazi inayotoa machozi hata ukiwa umepigwa ganzi na muuguzi mpole. Lakini mchanga usipotolewa mapema, ngozi hujifunga juu yake. Leo kiwiko chake kina madoadoa ya bluu iliyokolea, kana kwamba wino umemwagika chini ya ngozi. Ukiyapapasa unasikia chembe. Ni chale ambazo hakuomba kuchanjwa. Mwanzoni alikuwa akiyasugua madoadoa hayo kwa dodoki kila akioga, akidhani ni nongo, na aliponieleza hilo alicheka, kisha akashusha mkono wa gauni.

Miaka mitatu sasa anatembea na kipande cha barabara ya umma mwilini, na ofisi yako inasema haina kumbukumbu.

Kuna mwingine ambaye kidonda chake kilipona vizuri tu, halafu kovu likaendelea kukua peke yake, likavuka mipaka ya jeraha lenyewe. Keloidi. Alikatwa, likarudi. Anavaa mikono mirefu hata kwenye joto. Sidhani kama aliyeacha kokoto zile alikuwa na nia mbaya na mtu yeyote. Alikuwa anawahi shimo lingine.

3. Mstari uliochorwa ndani ya milango ya magari.

Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Njia ya baiskeli ambayo ofisi yako iliizindua, ile ya rangi nyeupe yenye picha ya baiskeli, inapita ubavuni kabisa mwa magari yaliyoegeshwa. Mlango wa gari ukifunguliwa wote huingia barabarani kwa karibu mita moja. Njia yenu ina upana wa mita moja na robo. Anayefuata mstari wenu kwa utii ndiye anayegongwa na mlango, na anayeukwepa hupigiwa honi kwa nini hakai kwenye njia yake.

Mzee wetu mmoja, fundi cherehani, ana kovu linaloanzia kidole kidogo hadi karibu na kifundo. Ukingo wa mlango ulimchana mkono ukiwa umeshika usukani. Vidole viwili havikunjiki sawasawa na kutunga uzi kwenye sindano sasa anafanyiwa na mjukuu. Anasema dereva alishuka haraka, akaangalia mlango kwanza.

Dawa ya madereva ipo na haina gharama. Uingereza iliiweka katika kanuni zake za barabarani mwaka 2022: fungua mlango kwa mkono ulio mbali na mlango. Ukijaribu utaona, mwili hugeuka wenyewe na macho yanaangalia nyuma kabla kitasa hakijasogea. Lakini usituambie tusubiri madereva wote wajifunze. Rangi ni yenu, na waliochora walikuwa na kamba ya kupimia.

4. Wanaopita karibu, na mwendo wao.

Wako watu ambao daftari langu halikuweza kuwaandika kwa sababu hawaji tena. Mmoja wao nilimfuata nyumbani. Hana kovu hata moja la kuonyesha. Lori lilimpita karibu kiasi cha kuhisi joto lake mguuni. Upepo wake ulimsukuma nje, kisha ukamvuta ndani, akapoteza usukani na kuishia kwenye majani. Alikuwa amepakwa tope tu. Baiskeli yake imetundikwa ukutani tangu siku ile, tairi zote zimelala. Akitembea kwa miguu na kusikia injini ya dizeli nyuma yake, husimama mpaka ipite. Huyu nimemwandika ukurasa wa mwisho, peke yake.

Ujerumani tangu 2020 sheria inamtaka dereva aache angalau mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji anapompita mwendesha baiskeli. Hapa kwetu kote hakuna kibao hata kimoja kinachomwambia dereva aache nafasi kiasi gani. Na mwendo: gari la kilomita 50 kwa saa linagonga kwa nishati karibu mara tatu ya lile la kilomita 30, kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa mwendo. Hii si siasa, ni fizikia ya sekondari. Hispania ilishusha mwendo hadi kilomita 30 kwenye barabara za mijini zenye njia moja kila upande mwaka 2021, na Paris ikafanya hivyo karibu mitaa yote mwaka huo huo.

Jambo moja hapa linanikera, na nitalisema ingawa halina namba yake. Katika Tour de France ya 2011, gari la televisheni lilikata kuingia barabarani katikati ya waendeshaji, likamgonga Juan Antonio Flecha, na Johnny Hoogerland akarushwa kwenye seng'enge. Alishonwa nyuzi 33, lakini siku ile ile alipanda jukwaani kuvalishwa jezi yake huku akilia. Alishangiliwa na kila mtu, na alistahili. Ila kibarua anayekatwa na seng'enge akienda kazini huulizwa kwanza kama alikuwa amekunywa.

5. Matuta yasiyo na rangi.

Matuta mawili karibu na shule hayajapakwa rangi tangu yawekwe. Usiku ni lami juu ya lami. Mama mmoja alimbeba binti yake kwenye keria, hakuliona tuta, baiskeli ikaruka, na mguu wa mtoto ukaingia kwenye spoku. Kisigino kina alama ya nusu mwezi, ngozi imeng'aa na kunyooka, haina mistari. Viatu vya shule vyenye kisigino kigumu havimwingii. Hapa nikiri kwamba kosa tunagawana: keria ile haikuwa na kinga ya spoku wala mahali pa kukanyagia, na hilo ni letu sisi wenye baiskeli.

Kwenye tuta lile lile mvulana wa miaka tisa alianguka na ncha ya usukani ikamchoma tumboni. Mpira wa mshikio ulikuwa umetoka zamani, bomba liko wazi. Alibaki na kiduara chekundu kidogo, ukubwa wa kifuniko cha soda, wala hakulia sana. Jioni akaanza kutapika na kubadilika rangi. Bandama lilikuwa limepasuka. Kovu alilonalo leo halikutokana na tuta, ni la kisu cha daktari, kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, na anapovua shati kuogelea wenzake humuuliza alipigana na nani. Ninalitaja ili mzazi yeyote anayesoma barua hii ajue kwamba alama ndogo ya usukani tumboni si ya kusubiri hadi kesho. Hata kama wewe, Mheshimiwa, hutajibu, hilo litakuwa limesaidia mtu.

6. Daftari ambalo halipo.

Hapa ndipo pana mzizi wa mengine yote. Fomu ya ajali inauliza namba za usajili za vyombo vilivyohusika. Baiskeli haina namba. Aliyeanguka peke yake kwenye wavu hana aliyemgonga, kwa hiyo kwa fomu hiyo hana ajali. Hospitali nayo, kwenye kitabu cha mapokezi, ikaniandika neno moja: "ameanguka". Ningeweza kuwa nimeanguka kitandani.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka kwenye barabara za dunia, na kati ya hao asilimia 6 ni waendesha baiskeli. Hao ni waliokufa, wafu huhesabiwa. Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, walipotazama zaidi ya faili za polisi na kuingia kwenye rekodi za hospitali, walikuta kwamba wengi wa waendesha baiskeli waliolazwa hawakugongana na gari lolote. Waliangushwa na ukingo wa njia, nguzo, utelezi, au kosa lao wenyewe. Faili la polisi lilikuwa halijawaona. Basi unaposema huna kumbukumbu, Mheshimiwa, nakuamini. Hakuna aliyetuuliza.

Najua yatakayosemwa, maana mengine nimeshayasikia dirishani.

Litasemwa suala la bajeti. Kugeuza wavu ni watu wawili na mtaimbo. Kufuta mstari mbaya ni rahisi kuliko ulivyokuwa kuuchora.

Litasemwa hatuvai helmeti. Mimi nilivaa, na ina ufa hadi leo, kwa hiyo huenda ninaandika barua hii kwa sababu yake. Mashindano ya kulipwa yenyewe yalilazimisha helmeti mwaka 2003 tu, baada ya Andrey Kivilev kufa kwenye mbio za Paris–Nice. Ivaliwe. Lakini helmeti hailindi mtulinga, kifundo, bandama wala kisigino, na wavu haumuulizi mtu amevaa nini.

Litasemwa wenzetu wa Ulaya wana utamaduni wa baiskeli na sisi hatuna. Mwaka 1971 Uholanzi ilipoteza zaidi ya watu 3,000 barabarani, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi ndio waliotoka mitaani wakapiga kelele, na barabara zikabadilishwa miaka kwa miaka. Huo utamaduni una tarehe ya kuanza.

Litasemwa waendesha baiskeli ni wazembe. Wapo. Wanaokwenda usiku bila taa nawagombeza mimi mwenyewe, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini tazama jambo moja. Agosti 2020, kwenye mbio za Poland, Dylan Groenewegen alihama mstari wake mita chache kabla ya kumaliza na kumbana Fabio Jakobsen, aliyevunja vizuizi vya pembeni na kulazwa bila fahamu akiwa na nyuzi 130 usoni. Aliyekosea alifungiwa miezi tisa. Mambo hayakuishia hapo. Vizuizi vyenyewe navyo vilihojiwa, kwa nini viliruka badala ya kumzuia mtu, na kanuni za usalama wa mbio zikaandikwa upya. Jakobsen alirudi, na mwaka 2022 akashinda hatua ya Tour de France akiwa na makovu yake usoni. Kosa la mtu lilipata adhabu yake na kosa la kifaa likapata fundi wake. Ndivyo tunavyoomba nasi tutendewe.

La mwisho, litasemwa kokoto ni za watu wa maji na wavu ni wa watu wa mitaro. Kwa heshima zote, mimi nilianguka barabarani.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo:

(a) Wavu wa kabla ya daraja ugeuzwe au uchomelewe ndani ya siku 30, na nyingine zote za namna hiyo zikaguliwe na orodha yake ibandikwe mahali pa wazi.

(b) Yeyote anayechimba barabara asipewe kibali bila tarehe ya kurudisha lami, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kibao pale pale kwenye shimo.

(c) Mstari wa baiskeli usogezwe angalau mita moja kutoka kwenye magari yaliyoegeshwa. Kama nafasi haipo, ufutwe. Ni afadhali tusiwe na njia kuliko kuwa na hiyo.

(d) Matuta yapakwe rangi, barabara ya shule iwe ya kilomita 30 kwa saa, na vibao viwekwe vya kumtaka dereva aache mita 1.5.

(e) Kwa kushirikiana na hospitali, kila anayefika na jeraha la baiskeli aulizwe maswali mawili tu: umeangukia wapi, na nini kilikuangusha. Majibu yaletwe kwako kila mwezi. Jina lake halihitajiki.

Daftari langu nimelinakili kwa mkono na nakala nitaiacha masijala leo. Lina mahali, mwezi na sehemu ya mwili. Majina ya watu sikuyaandika. Mzee fundi cherehani alitaka jina lake liwemo, nikamkatalia.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, nitakuwa pale kwenye wavu na futi kamba. Wenzangu wamesema watakuja. Ukiweza, fika na baiskeli. Kama huna, yangu ya zamani itakuwepo, ina breki nzuri zote mbili. Sitakuomba upite juu ya wavu.

Wako,

Mwendesha baiskeli
(aliyeandika barua tatu zilizotangulia)

Nakala:
Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani
Mganga Mkuu, kitengo cha majeruhi
Mamlaka ya maji, kuhusu kokoto
Mwalimu wa darasa la kwanza, kwa taarifa